Shira ya Boga ya Sabika

Nargis anaweza kuwapikia watu mia mbili pale msikitini bila kutoka jasho, na wote wakaondoka wakijilamba vidole. Lakini mtoto wake wa kumzaa mwenyewe alimshinda. Tangu mwaka jana Sabika hali. Si kwamba hapendi hiki au kile, la. Hali! Anachambua wali punje punje, anasukuma sahani, anasema ameshiba. Suruali aliyonunuliwa Idi inamvuka. Daktari amesema ni maradhi, tena yana jina lake, na moyo wa msichana umeanza kuchoka. Akipungua zaidi ya hapo atalazwa, alishwe kwa mpira puani. Siku Nargis aliposikia hayo, usingizi ulimhama.

Na ndugu nao, jamani, midomo! Shangazi anapiga simu kutoka Dar: mpe supu ya kongoro. Jirani anasema ni jicho la mtu, msomee. Mwingine anasema mtoto amedekezwa tu. Utadhani Nargis hajapika, hajasoma, hajalia.

Basi siku moja, majani ya mtaani kwao Richmond Hill, huku ughaibuni, yamekwisha kuwa mekundu na kila mkahawa umebandika picha ya kinywaji cha boga, Sabika alishuka jikoni na simu mkononi. Akasema kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakielewa chote ila kukijibu hataki, kwamba kuna shira ya boga ya kutengeneza nyumbani, haitiwi sukari hata chembe, unaimimina kwenye maziwa ya moto. Je, wanaweza kuitengeneza?

Yalaa! Nusura Nargis aangushe mwiko. Mtoto ameomba kitu kitamu kwa kinywa chake mwenyewe! "Sasa hivi, mwanangu," akasema, na kufumba na kufumbua boga liko kwenye sufuria.

Sabika aliamuru, mama akatii. Boga kidogo, maji mengi, mdalasini, karafuu, tangawizi, kungumanga ya kukwaruza. Kwa utamu, tende mbili. "Mbili tu," Sabika alisema, akazitia kwa mkono wake. Nargis, ambaye shira ya kaimati zake inasifiwa mpaka mitaa ya mbali kama Malton, aliyatazama yale maji maji akauma ulimi. Wakasaga, wakachuja, wakatia chupani. Jioni Sabika alichanganya na maziwa ya lozi akanywa kikombe kizima. Kizima! Baba yake, Haider, aliyekuwa anajifanya kusoma habari, aliinuka akaenda kujifungia chooni alie.

"Unajua kwa nini hii ninaweza kuinywa?" Sabika alimwambia mama yake wakiosha vyombo. "Kwa sababu nimeona kila kilichoingia. Kule kliniki wananificha mambo. Wewe hunidanganyi."

"Nikudanganye ili iweje?" Nargis alijibu, na saa ile alikuwa anasema kweli.

Ikawa ndiyo desturi yao, kila alasiri kikombe kimoja. Chupa ilipokwisha, Sabika alikuwa na mitihani chuoni. "Itengeneze wewe, Mama. Ile ile."

Sasa mwache mama peke yake na sufuria uone. Wiki ile kliniki walikuwa wamesema Sabika amepungua tena. Tende mbili! Tende mbili zitamwokoa nani? Nargis alitia konzi nzima. Halafu akachukua sukari guru aliyoletewa kutoka Dar akaivunjia humo. Halafu akafungua kopo la tui zito akalimimina lote, akaongeza karafuu ili ladha isijulikane. Ufundi wote aliofundishwa na bibi yake aliutumia kumdanganya mwanawe, huku akikoroga na kulia na kusema bismillahi. Ukiniuliza kama alikosea, usiniulize. Wewe mtoto wako anakuyeyukia mbele ya macho, ungefanya nini?

"Leo nzito," Sabika alisema alipoonja.

"Boga lenyewe lilikuwa limeiva sana."

Akanywa. Kesho yake akanywa tena. Nargis aliitikisa chupa vizuri kila mara kabla ya kumimina, na mashavu ya binti yake yakaanza kurudi rangi. Sabika akacheka utani wa baba yake, utani wenyewe wala haukuchekesha. Kliniki walimpima akiwa ameupa mzani mgongo ili asione, na nesi akamtupia Nargis jicho la furaha: ameongezeka. Nargis alitamani kumkumbatia yule nesi asiyemjua hata jina.

Jumamosi asubuhi Nargis alikuwa juu, bado yuko kwenye msala, akasikia mlango wa friji unafunguliwa. Haider yuko kitandani anakoroma. Ni Sabika! Hakuitwa, hakubembelezwa, ameamka mwenyewe kutafuta cha kutia tumboni! Nargis alisujudu kumshukuru Mungu. Yumo bado katika shukrani ndipo akakumbuka kwamba chupa ile imelala usiku kucha bila kutikiswa.

Alizirukia ngazi miguu mitupu. "Ngoja, nakuja kukumiminia!"

Tui la kwao Dar hukamuliwa na kuliwa siku hiyo hiyo, nani anakaa nalo kwenye baridi siku nyingi? Hapa lilikuwa limepanda juu likaganda, jeupe, limeziba shingo ya chupa. Sabika alikuwa amelichota kwa kijiko analitazama. Maziwa yake yalikuwa yamekwisha kupata moto.

"Nini hii?" aliuliza. Kwa Kiswahili.

"Tui," Nargis akasema.

"Na nini tena?"

"Sukari guru. Na tende."

"Tende ngapi?"

"Sikuhesabu, mwanangu."

Nargis aliomba moyoni apigiwe kelele. Angeona afadhali chupa ivunjwe. Sabika alimwaga maziwa kwenye sinki, akaosha kikombe, akakifuta.

"Leo niliamka na njaa, Mama," alisema taratibu. "Njaa kweli. Sikuiogopa." Akapanda ngazi akafunga mlango.

Mchana Nargis alipika nyingine mbele ya macho ya binti yake. Kila kitu alikiinua kwanza kikaonekana, na tende akatia moja badala ya mbili. Akaapa kwa Mungu na kwa kaburi la mama yake kwamba hakuna kingine humo. Sabika alisimama mlangoni akatazama mpaka mwisho, akasema asante, akaondoka. Kikombe kikapoa pale pale mezani.

Jioni msichana alishuka amepauka, anashika ukuta. Nargis aliruka kutoka kitini. "Nikuchemshie maji, binti yangu? Maji matupu tu?"

Sabika alitikisa kichwa. Alijaza birika la umeme mwenyewe kutoka bombani, akasimama kando yake, kiganja juu ya kifuniko, asibanduke mpaka yakachemka. Nargis akarudi kukaa, jikoni kwake mwenyewe, na hakuthubutu kusogea.