Usiamini Hizo Nne

Jina langu Nasi, na sina subira; nalisema mapema ili mtu asinihurumie bure. Ken Okello alikuwa nayo ya watu wawili. Tulikuwa tukiuza intaneti ya mtaa pamoja: yeye Kawangware, upande wa Satellite, katika chumba cha juu kabisa cha ghorofa moja, antena ikiwa kwenye mabati juu yake; mimi mtaa wa Raila, ndani ya Kibera, antena yangu ikiitazama yake.

Tukitaka kujua kama njia kati yetu iko wazi, tulitumia ping. Kompyuta moja inaita, ya pili inaitika, basi. Yangu ni ya Windows. Huita mara nne, ikanyamaza. Ya Ken ilikuwa ya Linux, na hiyo ikishaanza kuita haiachi mpaka uikomeshe kwa mkono wako. Hata yangu inaweza kuita bila kukoma ukiongeza dashi na herufi t, ila hapo lazima mtu akae aangalie, na kukaa kunaniudhi.

Jumanne moja wateja walilalamika kwamba intaneti inakatika kila baada ya dakika chache. Ken alipanda juu, akageuza antena kidogo, akashuka, akanipigia simu.

"Nasi, weka hiyo t," aliniambia. "Wacha iite nusu saa, uniambie ikikata. Usiamini hizo nne."

Nikaita mara nne. Zote zikajibiwa. Nilikuwa na njaa na mama wa chapati alikuwa ametandaza zake nje.

"Iko fiti, Ken," nikamwambia. "Hata haijakata."

Jumatano asubuhi malalamiko yakarudi yale yale. Safari hii Ken hakuniomba kitu. Alipanda tena, manyunyu yakianguka, na mabati yakamtelezesha. Alikufa kabla hajafikishwa hospitali.

Mkewe, Amondi, ambaye sote twamwita mama Daisy, alifunga kile chumba cha kazi na kukaa na ufunguo. Alisema hakuna atakayegusa vitu vya Ken mpaka azikwe kwao Siaya, na yeye mwenyewe anyolewe na kurudi. Hivyo ndivyo kwao wanavyofanya. Mimi ni Mbukusu, lakini mambo hayo nayaelewa na sikubisha.

Siku ya tano baada ya kifo niliamua kuwahamishia wateja wangu kwenye laini nyingine. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali. Nikachomoa waya zao zote kwenye swichi, kile kisanduku kinachounganisha waya za mtandao, moja moja, nikabakiza wa antena na wa kompyuta yangu. Taa ya antena ilipaswa kutulia, maana hakuna tena aliyekuwa akiitumia njia ile. Ikawa inapepesa. Inawaka, inazimika, mara moja kila sekunde, bila haraka.

Nilifungua programu inayoonyesha ni nani anayebisha. Ilikuwa namba ya kompyuta ya Ken, ile inayoishia na saba. Nikaipigia ping. Ikajibu mara nne.

Nilitoka nje nikasimama kwenye kichochoro kati ya watu. Niliogopa, sitaficha. Baadaye akili ilinirudi nikaelewa: Jumatano ile, kabla ya kupanda, Ken alikuwa ameiambia kompyuta yake iite yangu. Hakukuwa na mtu wa kuikomesha. Chumba kilikuwa na betri za sola, kwa hiyo hata umeme ukipotea mtaani, yeye anaendelea. Na Windows kwa kawaida haimjibu mtu anayebisha. Ken ndiye aliyeifungua yangu ili iwe inaitika. Kuelewa hakukunisaidia. Alifanya mwenyewe ile kazi aliyoniomba mimi, kwa kuwa mimi sikuifanya.

Siaya nilienda. Waliniita niseme neno kwa niaba ya waliofanya kazi naye, nikasema alikuwa mtu makini sana. Mama Daisy aliniitikia kwa kichwa. Nikaketi na aibu yangu.

Siku ya ishirini na moja tangu kifo alinipigia simu, akasema amerudi na anaogopa kufungua peke yake. Nilienda nikiwa na nia moja: nifike kwenye kompyuta kabla hajauliza, nibonyeze Ctrl na C, iishe. Tulipanda ngazi. Ndani kulikuwa na vumbi, kikombe chenye chai iliyoota ukungu, na jaketi la mvua likining'inia msumarini. Ken alikuwa ameliacha asubuhi ile.

Niligusa kompyuta, kioo kikawaka. Mistari ilikuwa inapanda, mmoja kila sekunde, yote ikiwa na namba yangu.

"Hii ni nini, Nasi?" aliuliza. "Anaita nani?"

Ningeweza kudanganya. Yeye hajui kompyuta.

"Ananiita mimi, mama Daisy," nikasema. Nikamweleza yote: Jumanne, zile nne, chapati. Nikamwambia kwamba ningekaa nusu saa ningeiona ikikatika, na Ken angeitengeneza siku ile ile, mabati yakiwa makavu. Alinisikiliza hadi mwisho akitazama kioo, wala hakulia.

Nikapeleka mkono nibonyeze. Akanishika kifundo cha mkono.

"Wachana nayo," alisema. "Si alikwambia uwache iite?"

Akanitoa nje, akafunga, ufunguo akautia kifuani.

Nasikia hupanda pale kila Jumatano, akaketi kwenye kiti cha Ken na kutazama mistari. Kwa hiyo kompyuta yangu sijaizima tangu siku hiyo. Nikihama chumba, nahama nayo ikiwa inawaka, na antena naielekeza tena kwa ya Ken kabla ya Jumatano. Nikiizima, ile mistari itakoma, na mama Daisy ataona kwa macho yake kwamba kwa mara ya pili sikuwepo.