Ukuta Uliopona Pumu

Haya nilisimuliwa na mke wa Baragumu mwenyewe, Jumatatu moja ya mvua, tumebanana kwenye benchi la kliniki tukingoja kuitwa. Kikohozi changu kilinikatiza kicheko mara tatu, lakini yeye hakuacha kusimulia.

Mumewe alikuwa mpiga tarumbeta wa bendi ya harusi, ndiyo maana wakamwita Baragumu. Miaka arobaini alipuliza, hata mashavu yakawa kama ya mtu aliyeficha ndimu mbili mdomoni. Uzeeni pumu ikabisha hodi, isingoje kukaribishwa. Akawa anaanza wimbo kwa kishindo na kuumalizia kwa mluzi wa kifua. Kiongozi wa bendi akamwambia, "Mzee wangu, harusi ya mwisho wa mwezi ndiyo itakayoamua. Ukishindwa kufikisha wimbo mwisho, tarumbeta namkabidhi shemeji yako."

Shemeji huyo ni kaka wa mke, mpiga matoazi. Tangu siku ile akawa anakuja kufanya mazoezi ya mashavu mbele ya dada yake, bila haya.

Kule kliniki nesi alimpa Baragumu pampu ya dawa ya pumu, kile kidude kilichopinda kama kiwiko, akaanza kumweleza namna ya kuitumia. Baragumu akainua kiganja.

"Mwanangu, mambo ya pumzi niachie mimi. Mimi na pumzi tulijuana hujazaliwa."

Foleni ilikuwa imefika mlangoni. Nesi akamwachia.

Basi kila asubuhi na jioni Baragumu alikaa ukingoni mwa kitanda, mgongo wima kama yuko jukwaani, pua karibu iguse ukuta, akatia pampu mdomoni, akabonyeza. Wiki tatu. Kifua kikazidi kulia kama bawaba zisizojua mafuta. Mkewe naye, kila akifagia, aliona ukutani duara la vumbi jeupe. Analifuta leo, kesho limerudi. Akamlaumu mwenye nyumba kwa chokaa mbovu.

Zikabaki siku nne. Kaka mtu akaja na ushauri.

"Dada, mwambie shemeji asijitese. Kustaafu si kufa."

"Wewe ndiye utakayekufa, kwa kungoja," akajibiwa.

Lakini moyoni mke aliogopa. Bila tarumbeta, mzee yule angekaa nyumbani kutwa nzima akimfundisha yeye kupika. Akamshika mkono, wakarudi kwa nesi.

"Mzee, hebu nionyeshe unavyofanya."

Baragumu akakaa wima, akabonyeza, akapuliza kwa nguvu za miaka arobaini. Ukungu mweupe ukatoka juu ya pampu ukatua kwenye miwani ya nesi. Nesi akaivua, akaifuta taratibu.

"Mzee, unapuliza."

"Sasa je? Kitu kikitiwa mdomoni si kinapulizwa?"

"Hiki kinavutwa. Dawa iende ndani."

Hapo mke akalikumbuka lile duara. "Kumbe," akasema. "Mwenye nyumba nimemsingizia bure. Ule ukuta wetu sasa hauna pumu hata chembe."

Siku hiyo benchi zima la wagonjwa likacheka, wenye vifua vibovu wakianza.

Kujua ni kitu kimoja, midomo kutii ni kingine. Kila pampu ikigusa meno, mashavu yalijaa yenyewe. Mke akanunua soda, akatia mrija. "Kunywa," akamwambia. Akavuta. "Ehe. Hivyo hivyo, ila sasa bila soda." Siku nne mtu mzima akafundishwa kuvuta pumzi kama kichanga anayefundishwa kunyonya, na mwalimu wake hakuwahi kushika tarumbeta.

Siku ya harusi akavuta dawa nyuma ya spika, akaishikilia kifuani mpaka hesabu ya kumi, akapanda jukwaani. Wimbo aliufikisha mwisho, na sauti ya mwisho akairefusha mpaka bibi harusi akachoka kutabasamu. Shemeji akagonga matoazi kwa hasira, tena kwa wakati wake hasa.

"Umegonga vizuri mno," kiongozi akamsifu. "Hapo ulipo huondoki tena."

Kesho yake mchana Baragumu alilala kwenye kochi, kifua kimya. Mkewe, aliyezoea kusinzia kwa ule mluzi, akakosa usingizi. Mara mbili alikwenda kumtegea sikio puani, asije akawa ameachwa mjane na dawa. Yupo. Mara ya tatu akaona safari zimezidi, akaketi sakafuni, kichwa akakiegemeza miguuni pa mzee, akalala. Na alikoroma, hilo alikuja kuambiwa na mumewe, kama tarumbeta.