Maksai wa Reli ya Machimboni

Mwaka wa sabini na saba, reli ndogo iliyotoka machimbo ya mawe hadi stesheni ya Mbeya ilikuwa imeota majani marefu hata kuku waliingia humo peke yao wakatoka na wajukuu. Mawe yalikuwa yamekwisha, na behewa halikupita tena. Tupokigwe ndiye aliyepita. Kila alfajiri aliifuata reli hiyo kwa miguu, kapu la viazi vya kuchemsha kichwani, awahi abiria wa treni. Miguu yake ilikuwa imevimba hata viatu vya marehemu mumewe vilimbana.

Aliposikia vyuma vitang'olewa vipelekwe Iringa kujengea madaraja, alimwendea mkuu wa stesheni, Bwana Silvester.

"Baba, mnang'oa kitu ambacho kingetubeba! Si mtuwekee hata kiberenge?"

"Mafuta yake nikamue kwenye viazi vyako, mama?" Silvester alicheka, kisha akaona miguu yake, akaacha. "Haya. Tafuteni cha kuwavuta. Jumamosi mkinifikia hapa kabla ya treni, nitawaombea reli ibaki. Mkichelewa, Jumatatu mafundi wanang'oa."

Kule machimboni lilibaki toroli moja la kubebea mawe. Eliezeri, balozi wa nyumba kumi, aliazima mabenchi ya kanisa wakayafunga juu yake. Ngolo, Msukuma wa Usangu aliyekuwa amepanda huku kulimia watu mashamba, alileta maksai wake wawili. Mmoja alikuwa mkubwa hivi kwamba akipiga chafya, watu wa Igawa, mbali kule bondeni, walianua nguo wakidhani mvua.

Jumamosi Tupokigwe alikaa benchi la mbele. Toroli lilipoanza kusogea alifumba macho. Mungu wangu, kumbe hivi ndivyo watu wanavyofika mahali!

Mara wakasimama. Alipofumbua macho alitazamana na pua mbili zenye maji. Maksai walikuwa wamegeuka.

"Wana nini hawa?" Eliezeri aliuliza.

Ngolo alikuna shingo. "Shamba limeisha, mzee. Wamezoea plau. Wakifika urefu wa shamba, wanageuka."

"Shamba gani? Hii reli!"

"Waambie wewe."

Wakawageuza. Maksai wakavuta vizuri kabisa urefu wa shamba lingine, wakageuka tena. Viboko havikusaidia, wala maombi ya Eliezeri. Siku hiyo walilima reli hata nusu ya abiria wakaanza kuulizana watapanda nini. Kwa mbali treni kubwa ilipiga honi.

Tupokigwe aliona Jumatatu inakuja na nyundo zake. Akashuka. Alichukua viazi viwili kapuni, akapita mbele ya maksai, akawanusisha, akaanza kutembea. Wakamfuata. Walipofika mwisho wa shamba lao la mawazoni, akawapa kipande, akaendelea. Wakaendelea naye. Nyuma yake aliwasikia wenzake wakiimba, mmoja akikoroma.

Waliingia stesheni treni ikiwa bado inapunguza mwendo. Silvester alivua kofia. Akawahesabu abiria kwa macho, kisha akamwona Tupokigwe ameegemea pembe ya maksai.

"Na huyu mbona kwa miguu?"

"Huyo ndiye injini, bwana," Eliezeri alisema.

"Basi nimesema, nimesema. Reli itabaki. Kesho mtaondoka saa ngapi?"

Watu wote wakamtazama Tupokigwe.

"Kesho atangulie mwingine," alisema. "Mimi nitapanda."

Ngolo alimnyooshea Eliezeri kiazi ampe yule maksai mkubwa. Maksai akageuza uso. Akarudi kumnusa Tupokigwe kiganjani.

"Wamekuzoea wewe, mayu," Ngolo alisema kwa upole, kama amwambiaye mtu habari za msiba. "Mayu wao, mama yao, ndiye wewe sasa."

Tupokigwe aliwatazama wenzake wakinyoosha migongo waliyoichosha kwa kukaa. Kapu lake lilikuwa juu ya benchi lake, limefika bila kubebwa na mtu. Alilitwaa, akaliweka kichwani, akaenda dirishani kwenye treni.

"Viazi! Viazi vya moto!"

Vilikuwa vimepoa zamani.