Msimamizi wa Shangazi

Kwa mara ya nne mwezi ule, mbunifu wa vyumba alisimama kwenye kaunta ya Bodi ya usajili wa wabunifu akiwa amekumbatia faili lake. Kaunta yenyewe ilimpandisha hasira. Ilimfika mabegani, na taa ilikuwa imefungwa nyuma ya mwombaji, kwa hiyo kila mtu alijaza fomu ndani ya kivuli chake mwenyewe. Hawa ndio waliotoa vyeti vya kupanga vyumba vya wenzao!

Miaka kumi na tisa alikuwa amepima, amechora na kugombana na mafundi wakaidi, na hakuna ukuta hata mmoja uliokuwa na jina lake. Sasa hospitali ilikuwa imeipenda michoro yake ya wodi ya watoto, ila sheria mpya ilitaka awe na namba ya usajili ifikapo Ijumaa, yaani siku hiyo hiyo. La sivyo, mkataba ungeandikwa kwa jina la binti wa kaka yake, ambaye alifanya naye kazi na tayari alikuwa na namba. Mbunifu alikataa katakata. Safari hii alitaka jina lake.

"Mama, umebakiza kitu kimoja tu," alisema karani.

"Juzi pia kilikuwa kimoja. Nikaleta picha, mkataka kiapo!"

"Sasa ni barua ya msimamizi. Mtu mwenye namba, aliyekusimamia miaka miwili."

"Nilipoanza kazi hii, Bodi yenu ilikuwa haijazaliwa. Nani angenisimamia?"

Karani aliinua mabega. Mbunifu akatoka nje akipumua kwa nguvu, akampigia simu binti huyo wa kaka yake. Ndani ya nusu saa binti alifika, mhuri mkononi.

"Shangazi, mimi nikusimamie wewe? Naona aibu. Kushika futi kamba ulinifundisha wewe."

"Aibu niachie mimi. Gonga."

Binti akaandika barua, akagonga. Karani aliisoma, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mwezi uanze.

"Safi kabisa. Ngoja nilete faili la msimamizi nilinganishe sahihi, kisha nikupe namba yako."

Alipoinuka tu, mbunifu akakumbuka. Ndani ya faili lile ilikuwamo barua iliyompatia binti usajili wake. Msimamizi aliyeisaini alikuwa yeye, shangazi mtu. Penye nafasi ya namba ya usajili alikuwa ameandika namba yake ya simu, na kwa miaka mitatu hakuna aliyegundua. Karani akilifungua faili lile, angeona leo kwamba msimamizi huyo hakuwa na namba, na usajili wa binti ungefutwa.

Binti naye alikuwa amekumbuka. Alimshika shangazi yake mkono.

"Kaka, usilete!" mbunifu alisema kwa sauti kubwa. "Nirudishie fomu yangu."

"Mama, zimebaki dakika tano tu tufunge!"

"Nimesema nirudishie."

Jumatatu iliyofuata, mlinzi wa hospitali aliwasimamisha kwenye mlango wa wodi. Alikuta jina la binti kwenye orodha yake, akampisha, kisha akamgeukia mbunifu.

"Na wewe mama, ni nani hapa?"

Binti alifungua mdomo, machozi yakimlengalenga. Mbunifu akamwahi.

"Msaidizi wake," alisema. Akachukua futi kamba mkononi mwa binti, akaingia kupima.