Waya Uliovuka Mpaka

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kile kitaa kidogo cha mashine ya Bibi ya kupumulia. Siku zote huwa kijani. Mchana ule kilikuwa cha manjano, na friji jikoni ilikuwa imenyamaza.

Bibi Hilja alikuwa kitandani, mirija ya hewa puani. "Leelo, nani kazima redio yangu?"

"Umeme umekatika, Bibi."

Nikampigia mjomba Raivo. Yeye yuko Tallinn, mji mkuu, ni mmoja wa wale wanaojitolea kulinda kompyuta za nchi. Alipokea akihema kama mtu aliyepanda ngazi.

"Wadukuzi wametuingilia, mwanangu. Kompyuta za umeme wamezifunga zote, kusini nzima haina kitu. Lakini tulia, hatuko peke yetu. Wafini wameshaingia kazini na sisi, Wapolandi pia. Akipigwa mmoja tumepigwa wote."

Bibi alimsikia. "Hebu muulize, katika hao wote nani ana umeme wa kunigawia mimi?"

Raivo hakucheka. "Betri ya mashine ina muda gani?"

"Saa moja. Na sijui umekatika tangu lini, nilikuwa nje napasua kuni."

"Basi piga simu ya..."

Hapo ikakatika. Nikapiga namba ya dharura, kimya. Nikapiga tena, kimya. Bibi alikuwa amefumba macho, anavuta pumzi fupifupi.

Nilifungua mlango wa nyuma. Mtaa wote ulikuwa umepoa, ila ng'ambo ya uzio taa ya jikoni kwa mzee Imants ilikuwa inawaka. Uzio wetu ndio mpaka: huku ni Valga, Estonia; kwake ni Valka, Latvia. Umeme wao unatoka kwao.

Mimi na mzee Imants hatukuwa tumewahi kusemezana. Yeye hajui lugha yangu, mimi sijui yake, na hata kwa lugha yangu maneno hunikwama mbele ya mtu. Bibi ndiye anayeongea naye, kwa Kirusi walichofundishwa shuleni zamani, ambacho nakielewa nusu. Kazi yao ni kutaniana tu: sisi husema Walatvia wana vidole sita mguuni, wao husema Waestonia ni wazito, kila kitu tunachelewa.

Nyuma yangu mashine ikaanza kulia. Kitaa kilikuwa chekundu.

Niling'oa waya wa birika la umeme, nikakimbia nao kwenye theluji hadi kwenye uzio. Nikainua plagi juu, nikaonyesha nyumba yetu kwa mkono mwingine. Mzee Imants alinitazama dirishani. Kisha akaondoka pale dirishani. Nilibaki nimeinua mkono, nasikia mashine inalia huko ndani, na sauti yangu haitoki.

Mlango wake ukafunguka. Alikuja na waya mrefu wa mashine yake ya kukatia nyasi, ameubeba begani, huku unajikunjua nyuma yake. Uzio aliupiga teke ubao ukatoka.

Waya ulifika mlangoni mwa jikoni, ukaishia hapo. Tukakivuta kitanda, Bibi juu yake na mashine miguuni pake, miguu ya kitanda ikikwaruza sakafu. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi. Mzee Imants akachomeka plagi. Mashine ikanyamaza, halafu ikaanza kunguruma kama kawaida yake.

Tulisimama tu tukimwangalia. Baadaye sana Bibi alifumbua jicho moja.

"Mlatvia wa vidole sita," alisema, "unaingia nchi za watu na viatu vyenye theluji?"

"Nyie Waestonia mmezidi uzito. Hata kufa mnachelewa."

Bibi alicheka mpaka akakohoa.

Umeme ulirudi asubuhi. Raivo alipiga kutusimulia jinsi yeye na Wafini wake walivyokesha wakiwafungia wadukuzi njia. Mzee Imants akaja kukunja waya wake, akaondoka na mkate mweusi kwapani.

"Ulimwambia nini jana hata akaja mbio vile?" Bibi aliniuliza.

"Sikumwambia kitu."

Wewe pia sikukuambia nilichoogopa, Bibi. Wadukuzi sikuwawaza hata kidogo. Niliogopa utakata roho nimekushika mkono, na katika nyumba nzima niwe mimi peke yangu ninayejua kwamba umekufa.