Damu ya Zubeda

Siku ya matanga ya dada yangu Zubeda, Salehe Mnyamwezi alifanya utani wake kama kawaida, na nusura shemeji yangu Maneno auawe.

Kwetu Marui mtani ana ruhusa zake. Akija msibani humwiga marehemu, humtukana mfiwa mchana kweupe, na watu hucheka huku wanalia. Basi Salehe akajifunga shuka jeusi shingoni, akatoa meno, akamnyatia Maneno pale kwenye jamvi.

"Mke umeshamuuza," akasema. "Mimi mtani wako hata kikombe kimoja cha damu hukuniwekea?"

Hakucheka mtu. Salehe akabaki ameduwaa na meno yake nje.

"Mtani kasema kweli," akasema jirani yetu Mwinyimadi. "Maneno, tuambie, hao mumiani wako wamekupa nini?"

Wanaume wakainuka. Wengine walikuwa wametoka kukata kuni za msiba, na mapanga hawakuyaweka chini.

Kinachoniudhi ni kwamba hadithi za mumiani, hao wanyonya damu, kijiji kizima kilizipata kwa Maneno mwenyewe. Zamani, kila mtu akikaa kwenye mikorosho yake, tulizisikia mara moja moja. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba zikapangwa mstari, Maneno akapata wasikilizaji kila jioni. Alisimulia chumba chenye kiti: ukikaa, sakafu inafunguka, unaning'inizwa kichwa chini kama mbuzi, na ndoo inakingwa chini yako. Gari lao jekundu. Watu walipouliza kama mumiani waliondoka na wakoloni, alijibu kwamba wamepaka tu gari rangi nyingine. Halafu akaenda Dar es Salaam, akaona sinema ya mzungu mwenye joho jeusi anayelala kwenye jeneza mchana na kufyonza shingo za wasichana usiku. Akarudi mbio na ushahidi. "Wenyewe wamejipiga picha!" alituambia.

Maneno hakuwa mwongo. Aliamini kila neno, na alikuwa mwoga kuliko sisi sote.

Kwa hiyo Landrova ya kijivu ilipokuja na nesi mmoja, Eugenia, kupima matende, Maneno ndiye aliyetuongoza kukimbilia porini. Nesi alisema wadudu wa matende huonekana kwenye damu usiku, kwa hiyo watu watobolewe vidole usiku. Damu, usiku, gari! Hata mimi nilikimbia, na kidole changu nimekificha kwapani. Zubeda na mimba yake kubwa alikimbia nyuma yangu.

Alfajiri, tuliporudi nyumbani, akajifungua mtoto wa kiume, mzima kabisa. Lakini damu haikukata. Mkunga wetu, Bi Sikuzani, ndiye aliyetufunda sote unyagoni, na neno lake halipingwi: damu ya mwanamke, mwanamume haioni wala haisikii habari zake. Kanga ikilowa, tunaipitishia mlango wa uani, tunaizika migombani. Maneno alikuwa barazani akiuliza kila mara, "Mzazi hajambo?"

"Hajambo, amechoka," Bi Sikuzani akamjibu.

Nikamnong'oneza, "Bibi, tumwambie."

"Mwanamkuu, unataka kumvua dada yako nguo mbele ya watu?"

Jua lilipokuwa juu Zubeda hakunitambua tena. Hapo nikatoka, nikamwambia Maneno, "Mkeo anakufa."

Alikimbia moja kwa moja hadi kwenye ile Landrova, gari aliloamini ni la kuchinjia watu. Nilimsikia akimwambia nesi, "Kama ni damu, chukueni yangu. Yeye mfikisheni hospitali." Alitetemeka mpaka akashindwa kufungua mlango, Eugenia akamshika mkono akampandisha. Kijiji kizima kiliona mkono huo ukishikwa. Zubeda alikata roho kabla hawajafika Kisarawe. Waoshaji walitoka wakisema amekuwa mweupe kama muhogo uliomenywa.

Sasa Mwinyimadi alikuwa amemkamata Maneno ukosi wa kanzu. "Sema! Damu ya mkeo imekwenda wapi?" Nadhani Maneno mwenyewe alikuwa anajiuliza hivyo hivyo.

Nikamtazama Bi Sikuzani. Alitikisa kichwa, nisithubutu. Hasira ikanipanda. Nikachukua jembe, nikaenda migombani, nikachimba. Akina mama wakapiga kelele nyuma yangu, mmoja akanivuta kanga, nikamsukuma. Nikarudi na mafurushi yote mikononi, nikayatupa katikati ya jamvi la wanaume.

"Hiyo hapo!" nikasema. "Damu ya Zubeda haikupanda gari. Tuliizika sisi. Nani mwingine anaitafuta?"

Wanaume waligeuza nyuso. Mwinyimadi akaachia ukosi, akatafuta viatu vyake. Salehe alivua lile shuka akaketi chini akalia. Bi Sikuzani alitema mate, akaondoka, na mpaka leo hajaitikia shikamoo yangu.

Maneno peke yake ndiye aliyesogea. Alichukua kanga moja baada ya nyingine, ngumu kwa damu na udongo, akaziweka mapajani. Zilikuwa nyingi. Aliponyanyua uso hakuwa anawatazama wanaume, alinitazama mimi.

"Zote hizi," akasema. "Na mimi nimekaa barazani. Shemeji, mbona hamkuniita?"