Dua Iliyotaka Kuitangulia Habari

Alhamisi, tarehe tisa Mei. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito, hata fundi baiskeli alifungua kibanda chake bila kuona ng'ambo ya barabara. Kabla ya kushika spana alizima simu. Siku hiyo hospitali ingetoa majibu ya uvimbe wa mke wake, naye alitaka dua yake ifike kwanza. Habari ambayo haijamfikia, aliamini, Mungu bado anaweza kuigeuza.

Alisali kutwa, mikono imejaa grisi. Jioni akaenda kwenye darasa la watu wazima alikokuwa anasoma, simu imezimwa vilevile.

Mwalimu wa fizikia alikuwa amechora vyombo viwili vya angani vinavyopishana. "Kila chombo kina saa yake na 'sasa' yake," alisema. "Tuseme ujumbe unaweza kuupita mwanga kwa kasi. Huyu akiuliza, na yule akajibu kwa kasi hiyohiyo huku anakwenda mbio, jibu laweza kufika kabla swali halijaulizwa."

"Basi mimi niletewe leo matokeo ya mechi ya kesho," alisema muuza nyama kutoka nyuma.

"Uletewe, halafu uamue kutouliza. Jibu litakuwa limetoka wapi?"

Mwalimu aliwageukia wengine.

"Ndiyo maana wengi tunasema hakuna kinachoupita mwanga. La sivyo, tokeo litatangulia chanzo chake."

Fundi aliinua mkono. "Mwalimu, jambo likiwa mbali, habari haijanifikia. Limetokea au bado?"

"Kwa yule aliye palepale, limeshatokea. Wewe tu ndiye hujafikiwa."

Mlango ukafunguliwa. Aliingia shemeji yake, mdogo wa mke wake, anayesoma darasa hilohilo. Hakuketi.

"Shemeji, simu yako imekufa?"

"Nimeizima."

"Dada ameshinda kwenye benchi la hospitali. Daktari kamwita mara mbili, kakataa kuingia. Anasema hasikii neno bila wewe. Kliniki imefungwa, karudi nyumbani kwa miguu."

"Nilikuwa namwombea."

"Na pale benchi alikuwa na nani?"

Fundi aliwasha simu. Ujumbe ukaanza kuingia, mmoja nyuma ya mwingine, kama ulivyotumwa: uko wapi, daktari ananiita, naogopa. Akapiga, akaweka sauti juu ili wote wasikie.

"Mama watoto."

"Nakusikia."

"Kesho nitakwenda nawe."

"Hata leo uliniahidi, baba watoto."

"Kweli. Ndiyo maana nasimama mbele ya darasa zima, na mdogo wako yupo." Aliushika ukingo wa dawati. "Kesho kibanda sifungui. Nitakaa nawe kwenye benchi, dua nitaiomba hapohapo. Tutaingia kwa daktari pamoja, na neno lolote atakalosema litatukuta sote wawili."